Mama, Suruali ya Baba Inampwaya

Mwaka umetimia, Mama, tangu cherehani yako inyamaze katikati ya mshono, na hadi leo hatujazoea nyumba isiyo na kelele zako.

Mtaa mzima ulikuita Mama Tepu. Mtu alikuja kushonesha nguo, akarudi na ushauri ambao hakuuomba. Ulimzungushia tepu ya kupimia kiunoni, ukaguna, ukamwambia, "Nguo haijapungua, shoga. Wewe ndiye umeongezeka. Acha soda, tembea." Watu walicheka, wengine wakanuna, lakini walitembea.

Nyumbani ndiyo usiseme. Hakuna aliyegusa sahani bila kunawa kwa sabuni. Chumvi uliificha kabatini nyuma ya vitambaa. Na Baba, mwenye kisukari chake, hakuionja chai mpaka ameze dawa. Ulisimama mbele yake, kikombe umekificha mgongoni. "Dawa kwanza, bwana mkubwa." Suruali yake ya kijivu ilipombana, alikuomba uipanue. Ulikataa katakata. "Sifumui mshono. Tumbo ndilo lirudi ndani." Likarudi, maana kila jioni mlitembea hadi kwenye kona ya duka la dawa, mkibishana njia nzima.

Lakini mganga hajigangi. Sote ulitupima, wewe hukupimwa. Kichwa kilikuuma, tukakuambia nenda hospitali, ukajibu, "Nimalizie hizi sare za shule kwanza." Daktari alisema presha ilikuwa juu muda mrefu. Sare zilivaliwa, Mama, wewe tukakuzika. Tuna hasira na wewe, tusikufiche.

Sasa Baba ametushinda. Dawa hataki, anaisukuma chini ya sosa. "Mwenye kunipa hayupo," anasema. Dada yako alijaribu kusimama na kikombe mgongoni kama wewe. Baba aliinuka, akaenda kulala bila chai, na Mama Mdogo akabaki pale analia.

Ile suruali ya kijivu inampwaya. Anaifunga kwa kamba ya viatu, yeye fundi viatu mzima! Tulitaka kuipeleka kwa fundi mwingine aipunguze, akatunyang'anya. "Mshono wa mke wangu haugusi mtu." Nyayo zinamwaka moto, na kidole cha mguu kina kidonda kisichopona. Daktari ametuonya kwamba akiendelea hivi, mguu utakatwa, au tutampoteza. Tumembembeleza, tumefoka, tumepiga magoti. Jamani Mama, tufanyeje?

Tunakuandikia hapa gazetini kwa sababu Baba hatusikilizi sisi, lakini gazeti halimpiti. Huanza na kurasa hizi za marehemu, akitafuta nani kakufuata.

Basi Baba, ukifika hapa usigeuze ukurasa. Mama alikataa kufumua ule mshono kwa sababu alitaka uishi. Dawa iko kando ya sosa. Chai anayo kitinda mimba wako, amesimama mlangoni, kikombe kiko mgongoni. Anakungoja, Baba. Meza, kisha tulie wote.

Mama, unakumbukwa na mumeo, wanao, wajukuu, dada yako, majirani, na kila uliyempima kiuno akanuna. Humo mioyoni mwetu hutoki kamwe. Ila tusaidie huko uliko, mwakani tusije tukaweka picha mbili.