Karai la Maji Si Langu

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Mvua ya Kebirigo ilianza saa nane kamili, kama ilivyo desturi yake, na inapiga bati la chumba changu kwa ukali unaonifaa leo. Nimekunywa chai isiyo na sukari kwa sababu sikuona kwamba ninastahili sukari. Nina hasira. Msomaji anayetafuta maneno ya kumtia moyo na apite, arudi siku nyingine.

Ninaichukia meli hii.

Kwa yule anayenisoma kwa mara ya kwanza: nilihitimu shahada ya ubunifu wa bidhaa mwaka jana, na kwa miezi mitatu nimekuwa katika kipindi cha majaribio kwenye karakana ya Bi. Bosibori, nyuma ya maduka, mahali tunapotengeneza vikombe vya mashindano, vibao vya majina ya ofisi na mapambo ya kumbi. Kipindi hicho kinaisha kesho. Kesho hiyo hiyo, mwenye hoteli moja ya mjini Kisii alitarajiwa kuja kukagua meli ya mbao aliyoiagiza kwa ajili ya mapokezi: milingoti mitatu, urefu wa mita moja. Bi. Bosibori alinieleza bila kuzunguka kwamba sitaha, yaani ile sakafu ya juu wanayotembea mabaharia, ningeiunda peke yangu. Ikimridhisha mteja, ningepewa barua ya ajira ya kudumu.

Ubavu wa meli alipewa fundi Ouko.

Bwana Ouko ni mtu wa pande za ziwani. Baba yake aliunda mashua za wavuvi, na hakuna siku inayopita bila sisi kukumbushwa jambo hilo. Huziloweka mbao zake nyembamba katika karai la maji ya moto hadi zilainike, kisha huzipinda kufuata umbo la meli. Anapofanya hivyo hupiga mluzi wimbo wa kanisani, ubeti ule ule mmoja, tangu asubuhi hadi wakati wa kufunga. Nimeamka siku nne mfululizo nikiwa nimekunja ngumi kwa ajili ya ubeti huo.

Jumatatu nilikuwa nimekwisha kulaza mbao za nusu ya sitaha. Nilizikata za saipresi, nyembamba, zilizonyooka, kila moja ikitoka omo hadi tezi bila kiungo. Nilijivunia unyofu wake. Akaja akasimama nyuma yangu na kikombe cha uji, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Madam Digrii, hii ni meli ama ni sakafu ya kanisa?"

Nikamwuliza kasoro ni ipi.

"Hiyo mbao inatoka mbele mpaka nyuma bila kukatika. Kwa meli ya ukweli, hiyo ni mti ya urefu gani? Nionyeshe hiyo msitu, na mimi nikakate."

Wasichana wawili wanaopaka vikombe vanishi walicheka hadi mmoja akaweka brashi chini. Nikajibu, kwa utulivu ambao sikuwa nao, kwamba mashua za kwao hazina hata sitaha.

"Ndiyo," akasema. "Lakini zinaelea."

Walicheka tena. Kicheko hicho bado kimo masikioni mwangu ninapoandika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Katika kona ya mchoro wetu mlikuwa na vistari vidogo nilivyodhani ni urembo. Vilikuwa viungo. Mbao za meli halisi ni fupi, na huunganishwa kwa kupishana ili viungo vya mbao jirani visikae juu ya boriti moja. Nilibandua kazi yote nikaanza upya.

Jumanne alinikuta nikizichonga ncha za mbao za omo zikawa kali kama penseli, akaniambia ncha ya namna hiyo hupasuka, nizikate butu. Hakuniambia mimi tu. Aliitangazia karakana nzima.

"Hii sitaha haitafika Ijumaa," akasema. "Andikeni."

Msomaji ayashike maneno hayo. Yatarudi.

Jana nilimaliza. Niruhusu nijisifu kidogo, maana sitapata nafasi nyingine leo. Mbao mia moja na kumi na mbili. Kabla ya kubandika kila ubao niliupitisha penseli laini ubavuni, ili mbao mbili zikikaribiana uonekane mstari mwembamba mweusi, mfano wa kalafati, zile nyuzi na lami zinazoshindiliwa kati ya mbao ili maji yasipenye. Bi. Bosibori alipita, akapitisha ukucha juu yake.

"Kwamboka," akaniambia, "hii ni kazi."

Bwana Ouko naye alipita, akainama, akatazama, asiseme neno. Nilikwenda kulala na ukimya wake kama mtu aliyepewa zawadi.

Leo ilibaki kupiga msasa tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Nimeandika ukurasa huu wa mtandaoni kwa miaka mitatu na sijawahi kulitaja.

Nilikulia karibu na Nyamarambe, katika boma linaloishi kwa mawe. Baba na ndugu zake wanachonga: viboko, bakuli, vinara vya mishumaa, wazazi waliokumbatia watoto. Mama na sisi mabinti tunasugua. Jiwe letu laini la kuchongea husuguliwa kwa maji. Unachovya msasa, unaukunja kuzunguka kidole gumba, unasugua, unachovya tena. Jiwe likisuguliwa kavu hutoa vumbi, na vumbi hilo huingia kifuani likakaa. Mama alinipiga kiganjani kila aliponikuta nikisugua kavu. Nilidhani ni ukali. Shangazi yangu alipoanza kukohoa ndipo nilipojua kwamba ilikuwa hofu.

Siku ya usaili Bi. Bosibori aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya mikono. Nilimjibu kwamba nilipata mafunzo katika maabara ya chuo. Nilitaka nionekane nimetoka mahali pasipo na vumbi.

Adhuhuri ya leo nilikuwa peke yangu ndani. Wasichana walikuwa nje wakianika vikombe kabla mvua haijaja; Bwana Ouko alikuwa ameenda kutafuta makaa ya kuchemshia maji yake. Nikachukua msasa. Karai lake lilikuwa karibu na goti langu. Sikumbuki kuamua chochote. Akili yangu ilikuwa kwenye barua ya ajira, nikiwaza nitaisoma kwa sauti gani mbele ya Mama. Mikono ilikwenda nyumbani yenyewe. Nilichovya, nikasugua, nikachovya. Nusu saa nzima. Na nikiri hili pia: nilifurahi. Mbao zilipolowa ziling'aa kama jiwe linavyoonyesha rangi yake halisi likiwa na maji. Nikazifuta kwa kitambaa, nikatia msasa katika mfuko wa aproni, nikaenda kula.

Niliporudi saa nane matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Bi. Bosibori alikuwa amesimama juu ya meli, mikono kiunoni.

Mbao zilikuwa zimevimba na kuinuka ncha. Gundi ilikuwa imelainika ikatoka nyeupe kwenye viungo. Ule weusi wa penseli, kalafati yangu, ulikuwa umetapakaa sitaha nzima ukaifanya kuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

"Nani amemwagia hii kitu maji?"

Nilielewa yote kwa wakati mmoja. Na kinywa changu, kilichofunzwa kuunda sentensi, kikaunda moja.

"Madam, karai la maji si langu."

Basi. Hakuna uongo ndani yake. Upatanisho wake ni sahihi, hakuna neno la ziada, na mwalimu yeyote angeitia alama ya vyema. Kwa muda wa pumzi moja niliionea fahari.

Bi. Bosibori aligeuka. Bwana Ouko alikuwa mlangoni na mfuko wa makaa.

"Ouko."

"Madam, mimi sijaigusa."

"Jumanne ulisema nini mbele ya watu wote? Si ulisema haitafika Ijumaa?"

"Nilisema, lakini hiyo ilikuwa—"

"Basi haijafika. Umefurahi? Chukua vitu zako. Nikikuhitaji nitapiga simu."

Wasichana waliocheka Jumatatu walitazama sakafu. Mimi niliitazama meli.

Alikusanya randa, patasi na nyundo yake ndogo akavifunga kwa taulo. Alibeba karai hadi mlangoni, akamwaga maji taratibu, akalifudikiza juu ya jiwe chini ya upenu likauke, kama mtu ambaye angelihitaji kesho. Alipopita karibu nami alisimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mfuko wa aproni yangu, tone, tone, kwenye saruji. Aliyatazama.

"Nyar Kisii," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, binti wa Kisii kwa lugha yake, na tangu siku ya kwanza nimelichukia jina hilo. "Mbao haiogi. Msasa ya maji ni ya mawe."

Nikamwuliza kwa kunong'ona kwa nini hakumwambia Bi. Bosibori.

"Nimwambie mimi? Mimi mtu wa ziwa, wewe mtoto wa hapa. Ataskia nani?" Akaupachika mzigo wake kwapani. "Funga hiyo mfuko. Inakuchoma, watu wataona."

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Hakupiga mluzi.

Msomaji asidhani kwamba sasa nimempenda. Simpendi. Angeweza kunifundisha viungo bila kuita hadhira. Angeweza kuniita kwa jina langu, ambalo ni fupi na analijua. Ana ulimi mchafu na kiburi cha mtu anayejua kwamba anajua. Nikikutana naye sokoni mwakani huenda nikavuka barabara. Lakini hakufukuzwa kwa sababu ya ulimi wake. Amefukuzwa kwa sababu ya maji, na maji yalikuwa mfukoni mwangu.

Kabla ya kufunga, Bi. Bosibori aliniita ofisini. Mteja amekubali kungoja wiki moja zaidi. Nitabandua sitaha, nitaacha boriti zikauke, nitaanza upya.

"Na barua yako iko tayari, natia sahihi kesho," akasema. "Hili kosa si lako, mwanangu. Usilie."

Sikuwa nimejua kwamba ninalia.

Nilisema asante, Madam.

Nilipofika chumbani nilimpigia Mama nimwulize namna ya kukausha mbao, kana kwamba yeye ndiye fundi wa mbao. Alicheka sana. "Umeosha mbao? Kwani ni jiwe?" Kisha, kicheko kilipotulia, akaniuliza kama watu wa kazini wanajua kwamba kusugua nilifundishwa na yeye.

"Yaya," nikamjibu. Hapana, kwa lugha yetu. Nilishindwa kutafuta neno refu zaidi.

Nilisikia mvua ya kwao pia, na mtu akisugua jiwe karibu na simu.

"Haya," akasema. "Wasalimie."

Ni salamu hiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya, kwa maana wiki hii nimekuwa hodari wa kujibu.

Bi. Bosibori husoma ukurasa huu. Ndivyo alivyonipata; aliniambia kwamba alipenda jinsi ninavyopanga maneno. Husoma kila ninachokiweka, asubuhi, akinywa chai kabla ya kufungua karakana. Nikisema kweli, kwa miezi mitatu nimekuwa nikimwandikia yeye, kila sentensi nikiisugua hadi ing'ae. Hii pia ninamwandikia yeye. Nitaiweka sasa hivi, kabla mvua haijakatika na kabla sijapata sentensi nyingine nzuri ya kunisaidia.

Nimeutoa msasa mfukoni nikauanika dirishani. Umekauka ukiwa umejikunja. Nimejaribu kuutia kidole gumba, na umeingia bila kusukumwa, kama kiatu cha mtu mwenyewe. Saa mbili asubuhi nitauweka juu ya meza ya ofisi.

Madam, ikiwa umesoma haya kabla sijafika: Bwana Ouko hakuigusa sitaha. Mpigie simu. Barua yangu usiitie sahihi hadi tuonane, na baada ya hapo ufanye utakaloona ni haki.

Karai la maji si langu. Msasa ni wangu.