Mwenzake wa Jela

Thornton Heath, Jumanne

Kumbe Kasongo hakufungwa. Miaka yote marehemu mume wangu, Bahati, alimwita "mwenzangu wa jela", nami niliamini waasi waliwakamata wote wawili vitani, kule Kongo. Leo alipokuja kunipa pole nilimuuliza walivyolala humo seli.

"Shemeji, mimi nililala nje ya mlango. Funguo nilishika mimi."

Akasukuma sahani ya sombe, majani ya muhogo niliyompikia, akauliza kama aondoke.

"Sasa kwa nini alikuita mwenzake?"

"Wote tulikatazwa kwenda nyumbani. Tena alikuwa anaiba karata, yule!"

Sijui wanangu watasemaje wakisikia. Lakini Bahati hakuwahi kunisimulia chochote cha huko.

Nikamrudishia sahani, nikamuuliza siku waasi walipomleta Bahati jela alikuwa amevaa nini.