Ya Kawaida au Ile Kubwa

Jumamosi, Biryogo

Itangazwe kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi na mke wangu Mwamini: fundi cherehani mwenye kitambi, ndiye mimi, bado anatafakari. Achukue pikipiki ya safari ya kawaida, au ile kubwa?

Ya kawaida ni nyepesi, lakini tukipanda wawili mizigo itabaki Kigali. Kubwa ingetufikisha Kigoma kwa mama yake Mwamini, ambaye sasa hainuki kitandani. Ndani ya basi Mwamini hutapika mpaka anazimia.

“Umechagua?” aliniuliza tukila.

“Jambo kubwa halitaki haraka, mama Hadija.”

“Wewe hata kifungo cha shati unachagua wiki nzima!” Akacheka. Nikamwacha acheke.

Ukweli ni huu. Muuzaji wa Gikondo hulaza kwanza pikipiki juu ya matairi makuukuu, mnunuzi aiinue.

“Iko njia mbaya kule, mzee, itaanguka tu. Inua nikuone,” aliniambia.

Niliivuta ile kubwa, haikutikisika. Akanilazia ya kawaida. Mkono wangu wa kushoto, tangu nilipougua, hata mkasi unauchosha. Nilivuta mpaka nikapiga magoti. Akaiinua mwenyewe, akaniletea maji. Afadhali angenicheka.

Hakuna ya kuchagua. Nimeshindwa zote mbili, na sijui nitamwambiaje.

Jioni mama mkwe alipiga simu kutoka Kigoma, akauliza tunafika lini. Nilimsikia Mwamini akimjibu, “Karibu tu, mama. Baba Hadija anachagua pikipiki.”