Wifi Ana Mashine Kubwa ya Moshi, Mume Wangu Anashibia Kwake

Shangazi Rosalia, shikamoo. Kila Jumamosi nasoma barua za wenzangu, leo zamu ni yangu, naomba msaada wako kabla fundi hajaja kung'oa makabati yangu ya jikoni.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Chang'ombe na mume wangu Audax, na ishu yangu ni wifi yangu Yustina, dada yake Audax, ambaye amehamia nyumba yake mpya Mtoni, nyumba nzuri sikatai, sasa jikoni kwake juu ya jiko la gesi amefunga ile mashine ya kuvuta moshi, kubwa, ya kung'aa, ina taa na vitufe, na tangu tulipoalikwa kuiona hiyo nyumba mume wangu hana wimbo mwingine, kwa Yustina hakunuki, kwa Yustina ukikaa sebuleni huwezi kujua kama kuna mtu anakaanga, mpaka siku moja nimekaanga sato, yeye katoka kazini, akanusa mto wa kochi akaniambia, "Nenda kwa Yustina ukajifunze jiko linavyokaa."

Shangazi, kauli ile iliniingia. Mume wangu kwao Bukoba, asipoona samaki anaona hajala, lakini mie tangu siku ile sijakaanga samaki humu ndani, napika maharage, napika mchicha, nachemsha nyama, nimejiapiza nitakaanga siku nikiwa na mashine kubwa kuliko ya Yustina, na yeye siku hizi akitoka kazini anapitia Mtoni, akifika nyumbani anafunua sufuria yangu kwa heshima tu, anafunika, anasema ameshiba. Nina wivu, acha niseme ukweli, tena nina wivu na mtu ambaye siwezi hata kumwita mchepuko kwa sababu ni dada yake wa tumbo moja, nikimwambia shoga yangu atanicheka.

Juzi nilienda kwake kusalimia, akatoka kumfungulia mtu geti, nami nikapanda kigoda nikaipima ile mashine kwa shubiri, zikatoka shubiri nne na nusu, fundi Rogers akaniambia hiyo ni ya sentimita tisini. Na anavyoringa! Jiko la pleti sita, hata nailoni hajabandua, na chakula hapakui mwenyewe, tunakaa mezani kama wageni wa hotelini dada wa kazi anakileta kutoka mlango wa nyuma.

Jiko langu mie ni la pleti nne, la kawaida. Rogers anasema ya tisini kwangu haiingii mpaka ang'oe makabati ya juu na kuziba dirisha nusu, nimemwambia aje Jumatatu, Audax hajui. Ninachouliza, nichukue hiyo ya tisini, au nitafute kubwa zaidi nimpite kabisa?

Ni mie, Editha, Chang'ombe.

SHANGAZI ROSALIA ANAJIBU

Marahaba, Editha. Weka gazeti chini, mpigie Rogers umwambie Jumatatu asije, halafu urudi tuongee.

Pole, mwanangu. Umesimama kwenye moto unampikia mtu, yeye ananusa kochi na kukutajia dada yake. Hapo Audax alikosea, tena vibaya. Lakini yeye hajaniandikia, umeniandikia wewe, kwa hiyo maneno haya ni yako.

Umepanda kigoda cha watu ukapima mashine ya wifi yako kwa shubiri. Barua nzima nimeisoma mara mbili, sijaona mahali ulipopima jiko lako. Mashine ya moshi hailinganishwi na ya wifi, inalinganishwa na jiko lililo chini yake. Majiko mengi ya pleti nne hayazidi sentimita sitini kwa upana. Lipime lako, na kama ni hivyo, mashine ya sitini inakutosha. Ikiwa nyembamba kuliko jiko, moshi unapita pembeni. Ya tisini kwenye jiko lako ni kujikosesha makabati tu. Kutoka pleti hadi mashine iwe sentimita sabini hivi, lakini fuata karatasi inayokuja nayo. Na bomba litoke nje ya ukuta, usikubali fundi alikomeshe juu ya dari, moshi wote utakaa huko. Chujio lioshwe mafuta mara kwa mara, la sivyo hiyo mashine itanuka kuliko samaki mwenyewe. Eti dirisha uzibe! Mtu anakimbia harufu, anaziba dirisha?

Haya, twende Mtoni. Jiko lina nailoni. Chakula kinaingia kwa mlango wa nyuma. Editha, wewe umeingia mji huu jana? Sijafika kwa Yustina, lakini nyumba za hivyo nazijua, nusu ya rafiki zangu wanazo. Jiko la ndani ni la kuonyesha wageni, kupika kunafanyika uani, kwa mkaa, sufuria ziko chini na moshi unaenda zake. Kwake hakunuki kwa sababu humo ndani hakupikwi. Utashindana vipi na jiko ambalo halijawahi kuunguza hata kitunguu? Hata ufunge mashine pana kama mlango, hutamfikia.

Na mumeo hajakukimbia. Umemnyima mtu wa Bukoba samaki, halafu unashangaa anawafuata waliko. Marufuku umeweka wewe, kimoyomoyo, na hukumwambia hata sababu. Yeye anaona mke kabadilika, anaona maharage kila siku, anaondoka. Yustina anamlisha kaka yake kama dada yeyote angefanya. Wifi si mke mwenzio, na ukiendelea kumpima kwa shubiri utamgeuza awe.

Leo nunua sato, washa jiko la mkaa uani kwako, ukaange. Mpigie Audax mapema umwambie asipitie popote. Habari ya mashine iache mpaka mkae sawa, kisha mtaenda dukani wawili, yeye ndiye ashike futi ya kupimia.

Akishakula, kabla hajainuka, mwambie lile uliloniandikia mie na yeye hujamwambia, kwamba inakuuma akishibia kwingine. Usimtaje dada yake, usitaje kochi. Sema hivyo tu, kisha unyamaze, umwache mwanaume ajibu.