Shamba la Tipoko

Jumanne, 13 Mei 1997

Makubwa! Leo Profesa Nikiema katamka "jinsia" bila kukunja uso. Profesa huyuhuyu aliyeniambia kaya ni moja, ina mkuu mmoja, ukishamhoji mume umemaliza – uchumi hauingii jikoni! Nilipoomba kupima mashamba ya wake peke yake alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Sasa wafadhili wanaulizia wanawake, basi utafiti wangu umekuwa "wetu". Haya. Kazi iendelee tu.

Ijumaa, 16 Mei

Tulipeleka matokeo kijijini. Moyo haujatulia.

Profesa alisimama mbele ya wanaume wote. Eti wake si wavivu, wakipata samadi sawa wanavuna sawa, tena shamba bora kuliko yote hapa ni la Bi Tipoko, mke wa Raogo! Wageni wetu wafadhili wakapiga makofi. Mimi pia. Tipoko akainamisha kichwa. Raogo anachezea kofia yake.

Kwetu Wamossi mke hana ardhi. Mume humkatia kipande, naye hukilima alfajiri kabla ya kwenda shamba la mume. Mume akikiona kimestawi, aweza kukichukua akampa kingine. Profesa ni Mmossi, hakuliona hilo? Na mimi je?

Jumatano, 4 Juni

Nilijua! Mvua imenyesha, na Toé, mwenzangu anayehoji watu kule, kaniletea habari. Raogo anataka kupanda pamba yake kwenye lile shamba. Mkewe kapewa kipande cha mawe. Samadi yote ile aliyoibeba kichwani! Karanga za pale ndizo zinazomsomesha bintiye. Nimelia ofisini kama mtoto.

Nikamwambia Profesa. Hayo ya kifamilia, akasema. Kisha akauliza vipimo vya msimu wa pili vitawahi mkutano wa Dakar? Bila karanga za shamba lile, akaongeza, makala haisimami. Nilitamani kumrushia kiti.

Toé ni Msamo, na Wasamo ni watani wetu wa jadi; tunaitana watumwa bila kukasirikiana. "Futa machozi, mtumwa wangu. Kesho twende. Mmossi hawezi kuninunia mimi."

Alhamisi, 5 Juni

Naandika garini, kando ya shamba.

Tumemkuta Raogo keshamfunga punda plau. Toé hata hakusalimu. Akaenda akalala chali mbele ya punda!

"Nilime tumbo, mtumwa! Babu yako alikufa hajamaliza kunichotea maji, leo unanipokonya na karanga?"

"Toka hapo, mla vichwa vya mbwa!"

"Kilete hicho kichwa kwanza, nina njaa!"

Majirani hoi, mbavu hawana. Raogo mwenyewe kacheka, akamfungua punda. Basi mwanamke alime, akasema, Msamo huyu asije akanifia hapa.

Nikashusha pumzi. Mara akanigeukia, kicheko kimekwisha.

"Dada, shamba la mke wangu lisitajwe tena mkutanoni. Na mkanda wako wa kupimia usiguse ardhi yangu. Ukiapa, analima. Usipoapa, napanda pamba."

Tipoko akanishika mkono. "Apa, mwanangu."

Nikasita. Mimi! Nimesita mbele yake! Nisipopima, wataandika tena kwamba kaya ni moja. Na hata nikiapa, Profesa atamtuma mwingine na mkanda uleule, na shamba litakwenda vilevile. Nikasema nipe dakika, nikakimbilia garini kama mwizi.

Raogo kaenda kumnywesha punda. Akirudi anataka neno langu. Tipoko kasimama na jembe lake, halijagusa udongo. Hamtazami mumewe. Ananitazama mimi.