Twiga wa Dirishani

Shauri Moyo, Jumapili, Agosti 1994

Picha zingine tena. Kaka yangu Mutiso ameenda Vienna kusoma, lakini kwa hizi picha ungedhani ameenda kutembea tu. Mutiso mbele ya kanisa kubwa. Mutiso kando ya mto, na miwani ya jua. Mutiso akila aiskrimu, akicheka na watu nisiowajua.

Mama amewaonyesha majirani wote. Mama Atieno wa mlango wa pili akanigeukia: "Na wewe Mwende, utapanda ndege lini?" Nikacheka. Fomu za skolashipu mimi na Mutiso tulizijaza pamoja, meza moja, kalamu moja.

Picha ya mwisho ndiyo imeniharibia siku. Mutiso amesimama nje ya duka, na dirishani kuna twiga wa mbao. Nyuma ameandika: "Baba, ona, kazi ya kwetu!" Baba amechonga twiga maisha yake yote. Aliitazama, akasema, "Wachongaji ni wengi. Huyu si wangu."

Ni wake. Sikio la kushoto limekaa upande. Nililivunja mimi nikimpiga msasa, nikalibandika na gundi, nikapaka rangi ya viatu ili Baba asijue.

Ningesemaje? Kwamba hata twiga niliyemvunja sikio amefika Ulaya, na mimi bado...

Eti naonea mbao wivu.

Hiyo picha nimeichukua. Iko hapa ndani ya daftari. Nimeikunja, Mutiso akaenda nyuma, amebaki twiga peke yake.