Mama wa Kwanza wa Ukoo Wetu

Jumatano, 11 Juni 1969
Suguti. Udongo tena, baada ya vipindi. Namfinyanga mwanamke aliyeanzisha ukoo wetu, yule ambaye wazee husema alifika hapa peke yake na mimba yake. Mwalimu mkuu anataka kazi ya shule kwa maonyesho ya Saba Saba, Musoma. Mama mdogo, mfinyanzi wa vyungu, ananielekeza. Mabega yamekubali. Tumbo bado.

Jumamosi, 14 Juni
Barua kutoka Bunda. Mwalimu ninayemfahamu kule anasema darasa lake litakuja Saba Saba. Nyangeta yumo. Mwanangu. Baba yake alimchukua, akaoa mwingine. Miaka saba sijamwona.

Jumanne, 24 Juni
Mwalimu mkuu kaja kutazama. Kasema matiti yafunikwe, wageni watakuwepo. Mama mdogo alikuwa anasugua tumbo la sanamu kwa kokoto. Hakuinua kichwa.
"Mwalimu, wewe ulinyonyaga wapi?"
Akaondoka. Mimi sikucheka. Nyangeta nilimnyonyesha miezi kumi na minne tu.

Jumapili, 29 Juni
Tumemchoma kwa nyasi na samadi kavu. Amepasuka. Tumbo lote. Kosa langu, ndani alikuwa bado mbichi. Haraka. Nimelia kama niliyefiwa. Mama mdogo akaviponda vigae vyake, akavichanganya na udongo mpya. Nimeanza upya. Safari hii mdogo, akauke upesi.

Alhamisi, 3 Julai
Hajakauka. Mawingu.

Jumatatu, 7 Julai
Musoma. Tulimchoma juzi. Amesimama mezani, mzima, ubavu mmoja mweusi alipolambwa na moto. Watoto wa Bunda walifika na lori saa nne. Nilimtambua kwa paji la uso. La mama yangu. Alikaa mbele ya meza muda mrefu, kisha akaligusa tumbo.
"Shikamoo mwalimu. Huyu mama ana mtoto gani ndani?"
"Marahaba. Wa kike."
"Anaitwa nani?"
"Nyangeta."
"Kama mimi," akasema.
Wenzake wakamwita. Akaenda. Sikumwambia.

Jumatano, 9 Julai
Suguti. Nimefundisha hesabu. Mama mdogo aliuliza, nikamsimulia yote. Akanipakulia ugali na furu, visamaki vya ziwani, akakaa nami mpaka nikamaliza.
Nimemwandikia baba yake Nyangeta. Namwomba amruhusu aje kwangu likizo ya Desemba. Barua fupi. Nimetia sahihi, na chini yake nimeandika: mama yake.
Upepo wa ziwani. Nimeikunja kabla wino haujakauka.